Shaba Tuliyosuka Kama Nywele

Juzi nimerudi Butembo nikamkuta kijana mmoja anatupa kipande cha waya kwenye takataka. Hee, ndugu yangu, mkono haukungoja! Nikakiokota, nikavua ganda lake kwa meno, nikakizungusha mara kumi kwenye kalamu, mizunguko imebanana. Kijana akacheka: "Mama, unafanya nini?" Ninapima, mwanangu!

Mizunguko kumi unaiwekea rula, unagawa kwa kumi, unapata unene wa waya moja. Wakati wa vita jirani yetu, fundi wa redio, alitufundisha hivyo sisi batoto wa quartier, mtaa wetu. "Ganda ni nguo," alikuwa anasema, "shaba ndiyo mutu." Waya nyembamba ukiibebesha courant nyingi, yaani umeme, inapata moto, na nyumba inaungua nayo.

Mwaka ule barabara ya Beni ilifungwa, mafuta ya taa yakakosekana hata kanisani. Mama yangu alikuwa na mimba ya kuzaa siku yoyote, na maternité yetu, kule wanawake wanazalia, ilikuwa giza tupu. Mwanamke mmoja alikuwa amefia mule, sababu mkunga hakuona damu inatokea wapi. Niliogopa mama atamfuata. Fundi alikuwa amefunga dinamo kule mtoni, inazunguka muzuri, mais waya ya kufika maternité hatukuwa nayo.

Ndipo vijana wakaleta kebo nyeusi kutoka kiwanda cha kahawa kilichoachwa. Nene kama mkono wangu! Tulicheza mpaka maharagwe ya koko, bibi yangu, yakaungua jikoni. Fundi akaikata. Ndani, vijiwaya vya rangi rangi: kebo ya telefone! Nikazungusha kimoja kwenye kalamu. Nusu milimita.

"Courant itachokea njiani," fundi akasema, akakaa chini.

Nani alisema kwanza tuvisuke pamoja? Leo kila mutu wa quartier anasema ni yeye. Mimi ninakuambia ni mimi! Fundi akapiga hesabu: kumi vikisukwa pamoja vinatosha, donc misuko miwili mirefu, mmoja wa courant kwenda, mwingine wa kurudi.

Ee bwana, uwanja ulijaa! Wasichana, mashangazi, mama wa kwaya, kila mmoja na shaba mapajani, harufu ya maharagwe yaliyoungua bado hewani, vidole vinachomachoma. Koko alikuwa anapita nyuma yetu: "Kaza, mutoto! Unasuka kama unaogopa kichwa!"

Uchungu ukamshika mama kabla hatujamaliza. Wakampeleka maternité, nami nikabaki kusuka huku ninalia. Jua lilipozama fundi akaunga, akatupanga kando ya waya, kila mtoto na kipande chake cha kushika juu ya ganda.

"Iko moto?" fundi akaita.

"Iko baridi!" Sauti ikapokelewa mkono kwa mkono kutoka mtoni mpaka mlangoni: iko baridi, iko baridi! Na taa, ya manjano, ikawaka. Tukapiga kelele kama wendawazimu. Mkunga aliona damu, akaiziba. Mama akapona, na mdogo wangu akalia.

Fundi hayuko tena, koko hayuko. Misuko iliuzwa kwa kilo, nayo maternité ina umeme wa jua. Mdogo wangu anaingia chumbani na simu sikioni, anabonyeza swichi ya taa ukutani, anaendelea na maneno yake. Simlaumu. Mais jioni ile, hata mama, katikati ya uchungu wake, aliinua kichwa akaangalia taa.