Audio ya "barabara iko wazi"

Leo nilikaribia kuua dereva wangu na telefone.

Niko na groupe kumi na ine za WhatsApp za watu wa transport. Kila asubuhi hapa Mubi, mbele nifungue duka, messages mia mbili ziko zinaningoja. Fulani amepita. Hapana, hajapita. Sala. Picha ya harusi. Tena barabara.

Kambale, dereva wangu, alikuwa amesimamisha kamyo kule Bihambwe na chumvi yangu, juu watu walisema kuko vita mbele. Akaandika: "Mama, niende ao nibaki?"

Nikatafuta mbio mbio. Nikapata audio moja: "Barabara iko wazi, mupite bila woga." Niliisikiliza na ile vitesse ya mbio, ile inafanya watu wote waongee kama watoto. Nikamutumia. Nikaandika: "Twende!"

Nikapiga, haipiti. Nikapiga tena. (Mulishaka kukaa na telefone mu mukono hivyo? Hata sala inapotea.)

Kisha akapiga yeye mwenyewe, sauti ya chini.

"Mama, hii audio ulipata wapi?"

"Mu groupe."

"Ni mimi njo niko naongea mule. Niliitumaka wiki iliyopita. Sikutoka, Mama. Masasi ya bunduki iko inalia kule mbele."

Miaka sita anatumika kwangu, na sikujua sauti yake.

Nimetoka mu groupe kumi na tatu. Mu ile moja yenye ilibaki, tuko watu wawili: mimi na Kambale.

Watu wa zile groupe, wenye muko munauliza juu ya nini nimetoka, sikilizeni kwanza audio zenu polepole.