Baba Mkwe na Darubini ya Bunduki Yangu

Mwaka wa pili baada ya kufiwa na mume wangu nilinunua bunduki. Habari ilifika Makambako kwa wakwe zangu hivyohivyo, bila maelezo. Haikufika kwamba ilikuwa bunduki ndogo ya mitumba, ya bei ya chini kuliko zote dukani, wala kwamba kibali changu kiliandikwa kwa ajili ya mchezo wa kulenga shabaha. Nilipokuwa kwenye mafunzo ya jeshi ya JKT nikiwa msichana, kulenga ndicho kitu pekee nilichowazidi wenzangu. Baada ya msiba nilikikumbuka, kwa kuwa ukilenga huwezi kuwaza kitu kingine.

Baba mkwe alikuja Njombe Jumamosi moja ya baridi, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya miti ya mipaina. Alikuwa fundi mwashi mstaafu, mtu wa maneno machache. Aliniamkia kutoka getini, "Kamwene," akaingia, akachagua kiti cha mbali nami. Ndivyo tulivyoishi miaka yote ya ndoa yangu. Mkwe na mkwe tuliheshimiana kwa kuachiana nafasi, na sikumbuki kama tuliwahi kupeana mkono.

Nilimwekea chai. Hakuigusa.

"Mama, nasikia una bunduki."

"Ndiyo, baba."

"Kuna mtu anakutisha?"

"Hapana, baba."

"Na wewe mwenyewe," akasema taratibu, "hujajichoka?"

Sikumwelewa mara moja. Nilipomwelewa niliona kwamba amepanda gari asubuhi na mapema, na magoti yake mabovu, kuja kuuliza swali hilo tu. Nikamwambia hapana, sijajichoka, nataka kujifunza kupiga karatasi iliyo mita hamsini.

"Karatasi?"

"Karatasi yenye duara, baba."

Akanywa chai yote kwa mkupuo, kisha akasema, "Hebu nione."

Nilifungua sanduku la chuma. Bolti, kile chuma chenye mkono unachovuta nyuma ili kupakia risasi, nilikuwa naiweka kando kwenye kabati lingine. Nilimwonyesha mtutu ukiwa mtupu, mwanga ukipita toka upande huu hadi ule. Halafu nikamweleza matatizo yangu. Kitako kilikuwa kirefu, kimetengenezwa kwa mwanaume. Na darubini niliyoifunga juu yake ilikuwa imelala upande. Kila nikichungulia, ule msalaba wa ndani wa kulengea uliegemea kama nguzo ya uzio mbovu.

"Nani alikufungia?"

"Nilifunga mwenyewe kwa macho."

Akaguna. Akafungua mkoba wake, ambao sikujua kwa nini alikuja nao, akatoa pima maji na timazi, uzi wa fundi wenye chuma kizito mwishoni. Nadhani hakuwahi kusafiri bila vitu hivyo.

Tuliilaza bunduki juu ya meza, tukaibana kwa magunia mawili madogo ya maharage. Aliweka pima maji juu ya chuma cha bunduki, akawa anasukuma gunia kidogokidogo mpaka kiputo kikatulia katikati. Timazi akaining'iniza kwenye ukuta wa stoo, ng'ambo ya ua. "Sasa chungulia," akasema. "Uzi ule ndio wima wa kweli. Zungusha darubini mpaka mstari wako ulale juu ya uzi." Nilizungusha. Nikafunga skrubu kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo, kama anavyofunga mtu nati za gurudumu. Mchana alinipima kwa kamba kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye kidole, akakata kitako kwa msumeno, akakisugua kwa msasa. Pale shavu linapoegemea tuliongeza kipande cha sponji ya godoro na kukizungushia mpira wa baiskeli. Bunduki ikawa mbaya kuitazama, lakini nilipoibeba ilinikaa kama nimezaliwa nayo.

Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, ambako wenye vibali wachache tumeruhusiwa kufanyia mazoezi. Nilijilaza juu ya turubai. Risasi ya kwanza ilikwenda chini kushoto. Ya pili pia. Nikanyoosha mkono kurekebisha darubini.

"Acha kwanza," akasema nyuma yangu. "Zitimize tano, tuone zinapenda kukaa wapi."

Nikapiga tatu zaidi, nikitoa pumzi kila mara na kusubiri. Mlinzi wa machimbo alipoturuhusu, tulitembea hadi kwenye karatasi. Matundu yote matano yalikuwa chini kushoto, lakini kifuniko cha soda kingeyafunika. Baba mkwe aliyagusa moja moja kwa kidole.

"Mkono wako hauna shida," akasema. "Sasa hamisha."

Nilizungusha vifundo vya darubini nikihesabu milio yake, juu na kulia, na tano zilizofuata ziliingia ndani ya duara. Aliomba ajaribu naye. Alijilaza kwa shida, akapiga moja, ikapotelea kwenye kifusi. Kuinuka akashindwa. Nilimtazama, naye akanitazama, kisha akanyoosha mkono. Nikamvuta. Mkono wake ulikuwa mkavu na mzito, na vidole vilikuwa vile vya mume wangu kabisa. Sikutegemea. Nilianza kulia palepale, na yeye hakuniambia ninyamaze. Alisimama nami, mkono wake ukiwa bado mkononi mwangu, mpaka nilipomaliza, kisha akasema mwanawe naye alipokuwa mdogo hakuweza kulia bila kushika kitu.

Tangu siku ile huniita mwanangu.

Tulipofanya mashindano yetu madogo nilikuwa wa tano kati ya watu saba. Nilimpigia simu Makambako kumwambia. Jumapili yake aliwaeleza wazee wenzake kanisani kwamba mwanawe wa Njombe ameshika nafasi ya tano, na mmoja wao akanipigia kunipongeza, akidhani ni mbio. Nilimshukuru, nikamwacha aamini ni mbio. Kisha nikampigia baba kumuuliza magoti yanaendeleaje, tukaongea mpaka salio likakata.