Munkoyo Niliyoipandisha Angani

Naona haya hata kuanza, lakini kwa kuwa nyinyi mmeshasikia nusu ya mkasa huu kwa wakwe zetu, na nusu hiyo ni uongo mtupu, acheni nami niseme yangu: mimi, ambaye sijawahi kuonja bia maishani (mnanijua, hata matangani nakunywa Fanta), nilishuka kwenye ndege mchana kweupe, mbele ya wakwe, nikinuka pombe toka kichwani hadi soksi.

Mdogo wangu Kabamba alipata mchumba Lubumbashi, na mama wa binti hakututaka. Alikuwa amesikia kwamba sisi watoto wa reli wa Kamina tunakunywa kuliko tunavyofanya kazi, akasema atakayekuja kumsemea kijana awe mtu asiyekunywa, la sivyo posa irudi ilikotoka. Ukoo mzima ukanigeukia mimi. Babu wa binti naye akaomba munkoyo ya kwetu, kinywaji cha mahindi kinachochachuka na kunuka kama pombe, ile tamu ya siku ya kwanza ambayo hata watoto hupewa, na kwa sababu treni huja inapotaka yenyewe, bosi wangu akaniombea nafasi kwenye kindege cha rafiki yake.

Shangazi Ngoie akapika munkoyo, akajaza bidoni ndogo, dumu la plastiki, akaiziba kwa gunzi la mhindi kama tunavyoziba sote.

"Usifunge sana," akaniambia. "Munkoyo inapumuaka."

Laiti ningemsikiliza! Lakini uwanjani rubani aliliona lile gunzi akakunja uso. "Kama inamwangika ata kiloko mu ndeke yangu, weye na bidon yako mutashuka." (Hata kidogo! Na tushukie wapi, hewani?) Basi mimi mwenye akili nyingi nikatupa gunzi, nikatafuta kifuniko cha kuzungusha, nikakikaza kwa nguvu zangu zote, kisha nikamwomba fundi wa baiskeli hapo nje kipande cha mpira wa tairi, nikafunga juu yake, nikazungusha, nikafunga tena. Hata tone halikutoka, nikajiona mjanja sana.

Tulikuwa watatu: rubani, mtawa mmoja mzee aliyekaa kando yangu, na mimi na bidoni yangu mapajani. Mbele kulikuwa na mawingu meusi, rubani akaamua kupita juu yake, tukapanda, tukapanda, masikio yakaziba, nikaanza kuhema bila kukimbia. Mara pakiti ya biskuti ya mtawa ikavimba kama mto wa kulalia. Nikacheka, jamani, nikacheka sana!

"Huku yulu hewa iko kiloko," rubani akasema bila kugeuka. "Kitu yote ya kufunga inavimbaka."

Hapo ndipo nilipohisi bidoni inanisukuma tumbo. Nikaitazama: mbavu zimetoka, chini pamekuwa duara, haikai tena wima.

"Komanda," nikasema, "na munkoyo?"

"Usifungule!" akapiga kelele.

"Fungula polepole, mutoto wangu, itapasuka," mtawa akasema.

Sasa nimsikilize nani? Nikachagua mtawa (nani angemkatalia?), nikalegeza mpira, kisha kifuniko kidogo, kidogo kabisa, nacho kikaruka kikapiga dari, munkoyo ikafuata. Ilimpata rubani kisogoni, ikajaa kioo cha mbele, ikamwogesha mtawa na kitambaa chake cheupe, na suti yangu ya posa ikanywa iliyobaki. Rubani alifuta kioo kwa mkono mmoja akinitukana kwa Kifaransa na Kiluba, mtawa akisali kwa sauti, nami nikishika bidoni tupu, sijui kwa nini, kana kwamba bado kulikuwa na kitu cha kuokoa.

Lubumbashi wakwe walikuwa wamejipanga na maua. Akashuka rubani, ananuka. Akashuka mtawa, ananuka. Nikashuka mimi, masikio bado yameziba, nikayumba mbele yao wote.

"Njo huyu mwenye mulisema hanywaka?" mama wa binti akauliza.

"Kumbe balikunywa na masœur!" babu akasema, akimtazama mtawa, kisha bidoni tupu kwa uchungu.

Nilieleza habari za hewa ya juu na vitu vinavyovimba. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyoonekana mlevi. Posa ikaahirishwa, wakataka msemaji mwingine, na Kabamba hakunisemesha mpaka mjomba Banza alipokwenda kwa treni. Banza huyu, mnamjua, anakunywa tangu asubuhi! Lakini alifika na shati safi na bidoni yenye gunzi, babu akanywa, binti akatolewa, na wote wakamsifu kwa heshima zake.

Tangu siku hiyo sijazibua wala kuziba chochote cha shangazi. Ndoa ipo, mtoto yupo. Juzi nilikwenda kumwona, na nilipoingia tu, mama mkwe wa Kabamba akaisukuma chupa ya bia chini ya kiti chake, akaita jikoni kwa upole: "Mumuletee mayi ya kunywa."