Chai ya Chumvi na Kiti cha Bi Mwanaisha

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipokunywa chai ya chumvi. Si kwamba mama yangu alikosea makopo. Chumvi ilikuwa ndani ya maji yenyewe, maji ya kisima cha mji mzima, na aliyeitia ni mimi Bakari, kijana wa miaka ishirini na tatu, mwenye baiskeli, kalamu mbili mfukoni na akili niliyodhani inatosha kugawia vijiji saba.

Siku hizo nilikuwa nasoma shule ya jioni pale Ngamiani. Mwendo ambao mtu wa kawaida huumaliza kwa saa mbili za baiskeli, mimi niliumaliza kwa nusu saa, upepo ukinifuata nyuma ukiomba nipunguze. Darasani mbu walikuwa wakubwa kama vifaranga, lakini tulisoma. Na wiki ile mwalimu alikuwa ametufundisha habari za malkia. Alituambia kwamba pwani hii hii, Unguja na Pate, waliwahi kukaa wanawake kwenye kiti cha enzi. Hawakuwa wake wa wafalme waliokaa pembeni wakipepewa. Walirithi wenyewe, wakaamua wenyewe, na neno lao halikupitia kwa mwanamume yeyote. Akatupa mtihani. Mimi nikaandika mpaka karatasi ikaomba radhi, nikapata alama zote. Nilirudi nyumbani nimevimba kifua kama kaimati.

Sasa sikiliza ujinga wa msomi.

Kwetu, upande wa Mtang'ata, tulikuwa na mwenye mji. Serikali ilikuwa na mwenyekiti wake wa kijiji, mwenye muhuri, na hakuna aliyembishia. Lakini kisima cha kale, makaburi, na siku ya kuzungusha ng'ombe kuuombea mji dua, hayo tangu mababu yalikuwa ya mwenye mji. Kiti chake ni cha mpingo, kizito hata wanaume wanne hukibeba wakiwaita mama zao.

Aliyekikalia ni Bi Mwanaisha. Alikirithi kwa baba yake, ambaye alikuwa na watoto wa kiume wawili pia, mmoja kuli wa bandarini, mwingine mchuuzi wa Makorora. Mzee kabla hajafa aliwaita wenziwe akasema, "Kiti ni cha Mwanaisha." Wazee wakakohoa, wakatazamana, wakakubali. Ila, mwanangu, kukubali kwa mdomo ni jambo moja, na kukubali kwa miguu ni jambo jingine. Miguu ya watu iliendelea kwenda kwa mumewe.

Miguu yangu ilikuwa ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa mpeleka habari wa mwenye mji, kwa sababu ya baiskeli na hati nzuri. Siku moja akaja msimamizi wa ujenzi, anajenga ghala kando ya barabara kuu, anataka maji ya kufyatulia matofali. Alikuja na lori la mapipa na pampu. Kiangazi kile kilikuwa kikali, hata kunguru waliruka wameacha midomo wazi. Na sheria ya kisima kila mtu anaijua: kiangazi huchotwa asubuhi na alasiri, kwa ndoo tu, na katikati kinaachwa kipumzike. Nikamwambia, "Ngoja nikakuulizie kwa mwenye mji."

Bi Mwanaisha hakuwepo. Alikwenda mazikoni kijiji cha tatu, arudi baada ya siku nne. Mtu mwenye akili angepanda baiskeli amfuate. Mimi nikamkuta mumewe, Mzee Kombo, barazani, anacheza bao peke yake na bado anashindwa.

"Shikamoo, mzee. Kuna mtu anataka maji."

"Marahaba. Mwenye mji hayupo."

"Lakini wewe si upo?"

Akaishika kete hewani, akacheka. "Unajua, Bakari, hilo ni neno. Mji ni wa mke wangu. Na mke wangu ni wa nani?"

"Wako, mzee."

"Basi hesabu mwenyewe, wewe si ndiye msomi! Mpe mtu maji."

Tukacheka wote wawili. Nikatoa kalamu, nikaandika ruhusa kwa hati ya kupendeza, na chini yake jina la Mzee Kombo. Kinamama waliokuwa kisimani waliponiuliza, "Bi Mwanaisha amesema?" nikajibu, "Nyumba yake imesema." Pampu ile ilivuta siku tatu, ikinguruma kama simba mwenye kikohozi.

Siku ya nne ndiyo ile chai.

Mama yangu alionja, akatema, akanitazama. Nje nikasikia nyumba hii inatema, nyumba ile inatema, mtaa mzima twi, twi, twi. Mtoto mchanga wa jirani alikuwa analia, mamake amesimama na kikombe hajui ampe nini. Hapo kicheko changu kiliisha, mwanangu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Bi Mwanaisha alifika mchana. Hakuingia hata kwake kuvua vumbi. Alikwenda moja kwa moja kisimani, akachota kwa kata, akaonja, akafumba macho.

"Bahari imeingia," akasema.

Akaagiza kiti kiletwe pale pale, wazee waje, na mimi nisimame mbele. Msimamizi wa ujenzi alikuja na karatasi yangu mkononi. Bi Mwanaisha akaisoma yote, akaikunja vizuri.

"Bakari, nani amekupa ruhusa hii?"

"Mzee Kombo, bibi."

"Shuleni mmesoma nini wiki iliyopita? Nasikia umetangaza mji mzima."

"Malkia wa Unguja na Pate, bibi. Waliorithi kiti."

"Ulipata ngapi?"

"Zote."

Kinamama wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Zote! Na chumvi juu!"

Bi Mwanaisha hakucheka. "Hao malkia, waume zao waliitwa nani?"

Nikafikiri, nikatafuta kichwani ukurasa baada ya ukurasa. "Sijui, bibi. Mwalimu hakututajia."

"Hakuwataja kwa sababu si wao waliokuwa wanaulizwa."

Kisha akamgeukia mumewe, sauti yake ikashuka. "Baba Saumu, nyumbani wewe ndiye mwenye nyumba, na chakula chako nakupa kwa mikono miwili. Lakini kisima si chungu changu cha jikoni."

Mzee Kombo akavua kofia. "Nimekosa. Nilifanya mzaha na kitu kisicho changu."

Ndipo Bi Mwanaisha akatueleza, mbele ya wote, jambo ambalo hakuna mwanamume pale aliyelijua. Maji matamu ya kisima chetu yamekaa juu ya maji ya bahari kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Ukiteka taratibu, unateka mafuta. Ukivuta kwa pupa, mchuzi unapanda. Baba yake alimwamsha kila alfajiri tangu ana meno ya utoto, akamwonjesha maji, akamuuliza, "Leo yamekaaje?" Kaka zake waliamshwa pia, wakarudi kulala. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilidhani amerithi kiti. Kumbe amerithi ulimi wa baba yake, kiti kilifuata.

Hukumu ikawa hivi. Pampu iondoke. Kisima kifunikwe kwa makuti mpaka masika yakijaze. Maji yachukuliwe chemchemi ya kijiji cha pili, na wachukuaji ni wawili: Mzee Kombo wa kujaza, Bakari wa kubeba. Kwanza wenye watoto wachanga, halafu wazee, na nyumba ya mama yangu iwe ya mwisho kabisa.

Nilibeba madumu manne kwa safari, na safari zilikuwa elfu, kama si elfu basi zilinifikia mgongoni kama elfu. Shule niliikosa muhula mzima. Mama yangu kila jioni alinipokea mlangoni na maneno yale yale: "Karibu, alama zote."

Masika yaliponyesha sana, makuti yakaondolewa. Bi Mwanaisha akaonja, kisha kata akampa binti yake Saumu, wa miaka saba. Mtoto akaonja, akakunja uso kama kadhi. "Bado siku mbili," akasema. Tukangoja siku mbili. Chai ya siku ya tatu, wallahi, sijanywa tamu kama ile mpaka leo.

Sasa ninakuandikia kwa sababu mwezi uliopita tumemzika Bi Mwanaisha. Ijumaa ijayo kiti alichomwachia binti yake Saumu kinakaliwa, na vijana mnanipigia simu: "Babu, kwa nini asikae mume wa Bi Saumu? Mstaafu, mtu wa heshima." Wengine mnasema Bi Saumu akae, ila mambo mazito yapelekwe kwa mumewe. Mabomba yamefika, kweli, lakini yanapokauka mnakimbilia wapi na ndoo zenu? Na anayeonja maji pale kila alfajiri, miaka yote hii, ni nani?

Kwa hiyo nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Mtu akikabidhiwa kiti kwa haki, peleka neno lako kwake, si kwa aliyelala naye wala aliyezaliwa naye. Asipokuwepo, mfuate au mngoje. Usimsifu malkia wa kitabuni huku unampita wa mtaani kwako bila kumwona. Na wewe binti uliyelelewa kwa kazi fulani, wakikwambia umeshikilia tu nafasi ya mwingine, waulize kisima kimekaaje leo. Anayejua atajibu.

Ijumaa nitakuwepo, magoti yakiniruhusu, niwe wa kwanza kumwambia Bi Saumu, "Mwenye mji, unasemaje?" Nawe njoo usimame nyuma yangu. Mola akujaalie maji matamu katika kila chombo utakachoshika, akupe miguu inayokwenda panapostahili, na mtihani wako wa kweli akukutanishe nao ukiwa macho. Amina.