Mwaata Asiye Kwenye Orodha

Juzi nilipanga foleni katika ofisi moja hapa kisiwani, nyuma ya mama mjane aliyetoka mashamba. Alikuja kuomba wakili wa bure, msaada ambao sheria inawapa wanawake wa jamii ndogo, kwani anapokonywa shamba aliloachiwa na mumewe.

"Kabila?" karani akauliza.

"Mwaata."

Karani akapitisha kidole kwenye orodha, juu hadi chini, kisha chini hadi juu. "Humu hamna, mama. Nikuandike Mgiriama?"

"Mgiriama alikuwa mume wangu. Nikiwa Mgiriama, wakili nitampata?"

"La. Wagiriama ni wengi."

"Basi niandike Mwaata."

"Nifahamu, mama. Sheria yakutambua. Orodha ndiyo haikutambui."

Mama akatugeukia foleni nzima, kana kwamba mmoja wetu angemfasiria. Mimi nikajitia kusoma tangazo ukutani. Hatimaye karani akaandika "Mwaata" pembezoni mwa fomu, akagonga muhuri, akamwambia arudi Jumatatu.

"Nirudi nikiwa nani?" mama akauliza.

Karani akaniita mimi. Tangu siku hiyo nimeisoma sheria ile mara mbili, na jawabu sijaliona.