Hajambo, Tunashukuru

Siku jirani yangu wa ghorofa ya tisa aliponiambia kwamba binti yake amekubaliwa posho ya watoto wenye ulemavu, nilikuwa nimeinama natoa nguo kwenye mashine ya kufulia ya jengo letu, huku ughaibuni. Nilishukuru kwamba uso wangu ulikuwa ndani. Nilimpa hongera kutoka huko huko, na sauti ikatoka kama ya mtu mwingine.

Sisi tulikuwa tumekataliwa. Barua ilifika wiki chache baada ya kumzika mume wangu, wakati viti vya kuazima kanisani bado vimepangwa sebuleni. Niliisoma nimekaa kwenye kimoja cha viti hivyo, nikaiweka chini ya sahani za wageni.

Mwanangu ana miaka kumi na mmoja. Alizaliwa kwa shida, upande wake wa kulia ukabaki dhaifu: mkono umekunjika, mguu anauburuta. Binti wa jirani alikuwa na miaka mitano na nyonga iliyozaliwa nje ya mahali pake, akitembea na vyuma miguuni. Nilikuwa namwona kwenye lifti anaimba, anabonyeza vitufe vyote kwa mikono miwili mizima, mpaka watu wanaowahi treni ya asubuhi hapo kituo cha Weston wanakunja uso. Mimi niliitazama ile mikono. Nilijiuliza watu wa ofisi ya kodi, ambao ndio wanaoamua mambo haya, wanatumia macho gani. Ndiyo, nilimwonea wivu mtoto wa miaka mitano. Nikamwonea na mama yake, kwa sababu ya barua yake, na kwa sababu kila jioni mumewe alikuwa akirudi nyumbani.

Wala sikunyamaza. Nilimwambia mama mwingine, pale pale kwenye mashine, kwamba yule amemfanya mwanawe mtaji.

Jumamosi moja jirani akagonga mlango wangu. Ni mtu wa Mombasa, hazungushi maneno.

“Nimesikia ulichosema,” alisema kabla ya kukaa. “Eti mwanangu ni mtaji.”

Nilimvutia kiti. Aliniacha nikae na aibu yangu kidogo, kisha akaniomba barua yetu ya kukataliwa, maana habari yake nayo ilikuwa imemfikia. Aliisoma mara mbili, akaniuliza nani aliyekwenda kwa daktari kujaziwa fomu ya maombi. Nikamwambia ni marehemu, na mimi nilikuwepo.

Nakumbuka vizuri ilivyokuwa. Daktari aliuliza mtoto anaendeleaje. Mume wangu akajibu kama alivyomjibu kila mtu maisha yake yote: hajambo, tunashukuru. Anavaa mwenyewe? Anavaa. Anakula mwenyewe? Anakula. Mimi nikawa natikisa kichwa kukubali. Hakuna uongo tuliosema. Kwetu humsimamishi mtoto mbele ya mgeni ukaanza kuhesabu anayoshindwa, naye anakusikia. Unataja anachoweza, unamshukuru Mungu, unanyamaza. Daktari aliandika alichosikia.

Jirani alicheka, halafu akajizuia. Nadhani alikumbuka anayemcheka ameshakufa.

“Mwenzangu,” akasema, “yule daktari hakuwa akiwasalimu. Alikuwa akiuliza.”

Nilikasirika kwa ajili ya marehemu. Hata hivyo nilimsikiliza. Akanieleza kwamba si suala la kuvaa au kutovaa tu, bali mtoto anatumia muda gani ukimlinganisha na wa rika lake. Akaniambia nisimame na saa wiki nzima, niandike, halafu nirudi kwa daktari.

Nikaandika, kwenye daftari la shule. Shati la vifungo: dakika ishirini na tano, na kifungo cha juu nafunga mimi. Soksi na viatu: kumi na tano. Nilikuwa sijawahi kupima. Kila mwaka nilikuwa naamka mapema zaidi, nikidhani ni umri wangu.

Kwa daktari nilimwomba mwanangu asubiri nje, akakataa. Nikafungua daftari, nikaanza kusoma kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Kila mstari nilioumaliza nilihisi namkanusha baba yake. Nilipofika kwenye kuoga nikakwama. Mvulana wa miaka kumi na mmoja, na mama yake anamwogesha. Nani anasema hayo mbele ya watu? Nikafunua ukurasa mwingine.

Mwanangu Kiswahili anakisikia, ila siku zote hunijibu kwa Kiingereza. Siku ile aliniambia kwa Kiswahili, polepole, ili daktari asielewe.

“Soma yote, Mama. Na ya kuoga.”

Nikasoma yote.

Barua ya kukubaliwa ilikuja mwisho wa majira ya baridi. Niliiweka karibu na picha ya mume wangu.

Miezi hiyo hiyo binti wa jirani alikuwa amefanyiwa upasuaji. Theluji ilipokwisha, vyuma vilikuwa vimevuliwa. Mama yake akaiandikia ofisi mwenyewe, bila kuulizwa na mtu, kwamba hali ya mtoto imebadilika, nao wakasimamisha posho. Alinieleza hayo tukiwa kwenye mashine. Nikamuuliza kwa nini hakungoja muda ulioandikwa kwenye barua uishe.

“Mtoto anakimbia,” alisema. “Niseme nini?”

Kweli alikuwa anakimbia, anazunguka mashine za kukaushia, anateleza na kuinuka. Niliitazama miguu yake kama nilivyokuwa nikiitazama mikono yake. Nyumbani nilikuwa na barua niliyoiombea kwa magoti, na bado nilisimama pale na wivu mbaya kuliko ule wa kwanza. Mwanangu hataandikiwa barua kama aliyoandika yule mama. Daktari alishaniambia hali yake haitabadilika.

Nilifungua mdomo kusema hongera, tunashukuru, Mungu mwema. Nikasikia ni lile jibu letu la zamani.

“Nakuonea wivu,” nikamwambia. “Tangu zamani. Na leo pia.”

Hakushtuka. Alichomoa shuka kwenye mashine, likiwa bado na joto, akanirushia ncha mbili.

“Najua, mwenzangu,” alisema. “Vuta upande wako.”

Nikavuta. Tukalikunja mpaka likawa dogo, kisha tukachukua lingine.