Kikombe cha Mzazi: Kutoka Moshi hadi Marangu Kutafuta Chanzo cha Homa

Niliondoka Moshi kwa sababu ya mwanamke aitwaye Ndeshi. Alikuwa na mtoto wa wiki tatu, na yeye mwenyewe alilazwa wodini kwetu kwa homa na kuharisha kusikokoma. Vidonge vya tetrasaiklini, ambavyo miaka ile ya sabini tuliviamini kupita kiasi, havikumsaidia. Mimi nilikuwa mpimaji wa maabara. Nilipootesha kinyesi chake kwenye sahani ya maabara, bakteria walimea mpaka ukingoni mwa kikaratasi kilicholoweshwa dawa ile, bila haya kabisa. Dawa nyingine ya sindano ilimwinua, lakini akiba yake ilikuwa karibu kwisha. Ijumaa angeruhusiwa. Kama angerudi kwenye chanzo kilekile na kuugua upya, tusingekuwa na cha kumpa.

"Ni maji tu," nilimwambia daktari, nikajitolea kwenda kuyachukua mwenyewe. Uhakika haujawahi kunipungukia.

Jumatatu, saa moja asubuhi, nilipanda basi la Himo nikiwa na sanduku la chupa magotini. Himo nilikunywa chai, kisha nikapata lori la kupandisha Marangu. Kadiri tulivyopanda, vumbi lilibaki chini na migomba ikatukaribia pande zote mbili, hata nikavaa sweta. Balozi wa nyumba kumi alinipeleka hadi kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, kwa mama mkwe wake Ndeshi, Mama Elinami.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkwe wangu anaendeleaje? Anakula?"

Nilimwambia anakula, akamshukuru Mungu kwa sauti. Nilipoanza kuchota maji ya mfongo, mfereji upitao nyuma ya migomba, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Umetoka Moshi kufuata hayo? Ya kunywa tunachemsha. Uliza popote."

Nilikagua jiko, choo na mtungi. Nyumba ile ilikuwa safi kuliko maabara yangu, jambo lililoniudhi kidogo. Nikalala nimenuna.

Jumanne asubuhi, Mama Elinami alinionyesha fahari yake: kuku wa kizungu, weupe, bandani kwenye uzio wa mbao. Alichukua machicha ya mbege, pombe ya ndizi, akanyunyizia unga wa manjano kutoka kwenye kopo, akachanganya kwa mkono.

"Hiyo nini, mama?"

"Dawa. Kila asubuhi, wasije wakaugua. Sikosi. Tangu nianze, hajafa hata mmoja."

Nilisoma kopo. Tetrasaiklini.

Tuliporudi ndani, alivunja mayai mawili mabichi kwenye maziwa ya uvuguvugu, akatia siagi, akakoroga na kunipa kikombe kwa mikono miwili.

"Zamani mzazi alipewa mlaso, damu ya ng'ombe na siagi. Ndeshi damu haimpandi, nikaona mayai yatamfaa. Tangu ajifungue nampa asubuhi na jioni."

Kukataa kikombe cha mwenyeji kule ni kumtusi. Nilikiweka chini. Niliona aibu, lakini sikukinywa.

"Nisamehe, mama. Nadhani ugonjwa umetoka bandani, ukapitia kwenye mayai haya mabichi."

Uso wake ulibadilika. "Unasema nilimpa mimi?"

"Bado sijui. Nikipima nitajua."

Aliniletea mayai mwenyewe kwenye kikapu, akanizolea na kinyesi cha kuku, akaniaga bila kunisindikiza. Safari ya kushuka nilipakata kile kikapu kwa makini, nikiwaza jinsi ya kumwambia endapo ingekuwa kweli.

Alhamisi, Moshi, majibu yalikuwa tayari. Bakteria wa bandani walifanana na wa Ndeshi katika kila kipimo tulichokuwa nacho, na tetrasaiklini ileile haikuwatisha. Alasiri, Mama Elinami aliingia maabara bila kuitwa. "Nionyeshe," alisema.

Nilimwonyesha sahani. "Hapa dawa nyingine imewaua. Hapa penye dawa yako wanaishi."

"Kwa nini hawafi?"

"Ukiwapa kuku dawa kidogo kidogo kila siku, bakteria wanyonge hufa. Wasioiogopa dawa hubaki, nao ndio wanaozaana."

"Basi kesho kuku wote nawauza Himo."

"Utakuwa umewapelekea wenzako ugonjwa, mama. Acha kuwapa dawa kuku wazima. Nawa mikono ukitoka bandani. Na mayai yapikwe yaive."

Tulikwenda wodini pamoja. Alisimama kando ya kitanda, asikae hata alipopewa stuli.

"Ndeshi, ugonjwa huu nimekulisha mimi."

Ndeshi aliacha kunyonyesha. "Mama, lile kopo nani alileta nyumbani?"

Ndeshi alimshika mkono.

"Ni mimi. Nilisikia kwa jirani kwamba ndivyo wanavyofuga wajuao. Nikakwambia usikose hata siku moja."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba nzima, na sikuitoa. Nilipanda Marangu nikitafuta uzembe, nikakuta bidii: watu wawili waliokuwa wakilinda uhai wa nyumba yao kila asubuhi, na kwa bidii hiyohiyo wakaiondolea dawa nguvu. Tangu siku ile, kabla sijamlaumu mtu, humwuliza kwanza alikuwa akilinda nini.

Mama Elinami alimpokea mtoto, akamweka begani. Hatimaye akakaa.

"Kesho tunakwenda nyumbani," alisema. "Na lile kopo la dawa litasubiri kuku mgonjwa."